Hedi ni maiti tu, muuaji alikuwa kwenye rejeta: kisa cha Surf yangu kule Kichwamba

Nianze na gari yenyewe ili tuelewane. Ni Hilux Surf ya 1996, injini ni 1KZ-TE, dizeli ya lita tatu yenye tabo, gia otomatiki. Niliinunua Kampala 2019 ikiwa na kilomita 231,000, na kabla hujaniuliza mtu mwenye akili ananunuaje gari mzee hivyo, kumbuka sheria ya 2018 ilishafunga mlango, gari iliyozidi miaka 15 haiingizwi tena Uganda, kwa hiyo hizi Surf za zamani zilizopo ndio hizi hizi, moja ikifa imekufa. Mimi nakaa Kasese, natoa vitenge na mawese Mpondwe, mpakani mwa Kongo, napeleka Mbarara, na kwa barabara zetu na mzigo wangu sijaona kitu kingine cha bei yangu kinachoweza.

Sasa kisa chenyewe ni cha 2023, gari ikiwa na kilomita 287,000 na kitu. Nakieleza kirefu kwa sababu kila mtu niliyemsimulia alirukia jibu lile lile la hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda: "ah, 1KZ, hedi hiyo", na jibu hilo ni la kweli na bado lingenimaliza.

Tulitoka Kasese saa nne asubuhi mimi na taniboi wangu, nyuma kuna mzigo wa kama kilo 700. Kikorongo tukapita ikweta, Katunguru tukavuka daraja la Kazinga, ile tambarare yote ya hifadhi geji ya temprecha imelala tu, tena imelala chini kidogo kuliko katikati, nikawa najisifu kwamba gari yangu haina joto. Kumbe hiyo yenyewe ilikuwa dalili, nitarudi hapo. Alafu Kichwamba. Anayeijua ile barabara anajua, unatoka kule bondeni kwa tembo na nyani unaanza kupanda ukingo wa bonde la ufa, kona juu ya kona, na siku hiyo mbele yangu kuna trela la saruji linakwenda mwendo wa bibi harusi. Gia ya pili, mguu chini, spidi 20, jua la saa sita, upepo wa kupooza rejeta, ile ya mbele inayopoza maji ya injini, hakuna. Geji ikapanda. Haikupanda polepole, ilipanda kama mtu aliyeitwa jina. Kabla sijapata pa kuegesha iko kwenye nyekundu na boneti inatoa mvuke.

Taniboi akaruka na kitambaa mkononi anataka kufungua kifuniko cha rejeta, bodaboda mmoja aliyekuwa anashuka akapiga kelele, "Wee ssebo, acha! Itakuchuna uso!" Mungu ambariki yule kijana, mimi mwenyewe nilikuwa nimeduwaa tu. Tukakaa saa nzima pale juu tunatazama Kazinga na ziwa kule chini, mandhari ambayo wazungu wanalipa dola kuja kuiona, mimi sikuiona.

Ikapoa, ikanywa maji chupa sita, tukasogea mdogo mdogo mpaka Mbarara. Fundi wa huko, ambaye simtaji, aliangalia dakika kumi, akasema hedi imekwisha, hizi 1KZ ni ugonjwa wao, tafuta injini nyingine ya Japani, shilingi za Uganda milioni saba na kazi yake. Na ukweli ni kwamba sifa hiyo 1KZ inayo. Bloku ni chuma, hedi ni aluminiamu, viwili hivi vikipata moto havivimbi sawa, ikichemsha vibaya mara moja hedi inapinda au inapata ufa kati ya vali. Kila mwenye 1KZ anazo hadithi za hedi kama mvuvi na samaki aliyemponyoka.

Milioni saba sikuwa nazo. Nikarudi Kasese usiku, baridi, spidi 50, nikaenda kwa Afande.

Afande ni mzee aliyestaafu karakana ya jeshi, gereji yake ni mwembe mmoja na kontena moja, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kifupi, hakina tafadhali.

"Jambo Afande."

"Jambo. Nini inasumbua?"

"Gari inachemsha. Fundi wa Mbarara anasema hedi."

"Mimi sijauliza fundi wa Mbarara. Maji ilianza kupungua lini?"

Nikakaa kimya. Nikamwangalia taniboi.

"Mimi naongezaga kila asubuhi, Afande," akasema. "Chupa moja. Siku hizi chupa mbili."

"Siku hizi ni lini?"

Hakuna aliyejua. Miezi mitatu? Minne? Afande akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema nyinyi mlikuwa mnamnywesha mgonjwa uji bila kumuuliza anaumwa wapi. Alafu akauliza maji gani, tukasema ya bomba, na tukiwa njiani ya mto, ya popote. Akasema gari ilale hapa, hii kitu inapimwa ikiwa baridi kabisa.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa pale na chai yangu kwenye kikombe cha plastiki. Kwanza akachomoa dipstiki, oili nyeusi lakini haina maziwa. Nikashukuru Mungu. Akasema usishukuru bado, maziwa kwenye oili maana yake maji yameingia upande wa oili, lakini ufa unaweza kuwa kati ya chumba cha moto na njia ya maji peke yake na oili ibaki safi kabisa. Hii watu wengi hawaijui, wanaangalia oili tu wanasema hedi nzima.

Alafu akafanya kitu ambacho hakikugharimu hata shilingi. Akajaza rejeta, akafunga, ule mpira mdogo unaokwenda kwenye chupa ya akiba akauchomoa akautumbukiza kwenye chupa tupu ya maji ya Rwenzori aliyoitia maji nusu. Akaniambia shika mpira mkubwa wa juu wa rejeta, ule mnene. Nikaushika, baridi, laini kama kawaida. Taniboi akapiga stata. Haikupita dakika moja, injini bado baridi hata mkono unakaa juu yake, mpira ukaanza kuwa mgumu mkononi mwangu kama msuli. Na kwenye chupa, blup. Kimya. Blup blup. Afande akasema kanyaga kidogo, na chupa ikawa kama sufuria ya maharage.

Maji baridi hayana sababu ya kuvimba. Kinachovimba hapo ni moshi wa silinda unaosukumwa ndani ya njia ya maji. Kwa hiyo fundi wa Mbarara hakukosea, hedi ilikuwa imekufa kweli. Walipoifungua mimi mwenyewe niliuona ufa, mwembamba kama unywele, kati ya vali mbili za silinda ya tatu, na mafundi wa Katwe, Kampala, tuliowatumia hedi kwa basi waipime kwa presha wakathibitisha.

Basi mimi nikatoa simu nianze kutafuta hedi mpya. Afande akaniambia weka simu. "Hedi ni maiti. Hiyo siyo muuaji. Ukizika maiti na muuaji bado iko ndani ya nyumba, utazika tena mwaka ujao." Na hapa ndipo pesa yangu ilipookolewa, kwa sababu ningefunga hedi mpya juu ya ugonjwa wa zamani, au ile injini ya milioni saba, na Kichwamba ingekuwa pale pale inanisubiri.

Akatandika gunia chini ya mwembe akaanza kupanga vitu kama mtu wa upelelezi.

Cha kwanza ni kile ambacho hakikuwepo. Alifungua nyumba ya thamostati, ile vali inayofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata joto, tupu. Kuna fundi huko nyuma aliitoa akaitupa, sijui wa kwangu au wa mwenye gari wa kwanza, maana huku kwetu kutoa thamostati ni kama dini, ati nchi ya joto haiihitaji. Ndio maana geji yangu ilikuwa inalala chini kwenye tambarare na mimi najisifu. Bila thamostati maji yanazunguka muda wote, injini haifiki joto lake, na dizeli ikifanya kazi baridi haiunguzi vizuri, inatoa masizi, inachafua oili, inakula mafuta zaidi. Lakini kwenye kisa hiki kosa kubwa la kuitoa lilikuwa lingine: ilificha ugonjwa. Rejeta ilikuwa imeziba, na kwa sababu maji yalikuwa yanakimbia wazi, kwenye barabara nyepesi geji haikusema kitu. Ingekuwepo thamostati nzima, huenda geji ingeanza kunisumbua mapema, labda hata pale Katunguru, na ningelalamika nikiwa bado na hedi.

Cha pili rejeta yenyewe. Jamaa wa rejeta alitoa tangi la juu, vile vijia vidogo zaidi ya nusu vimejaa matope ya kahawia, mazito kama uji wa wimbi. Hiyo ni kutu ya bloku na chokaa ya maji yetu. Nikauliza, si kulanti ni ya nchi za barafu? Hilo swali naona kila mtu analo, na watu wa spea wenyewe wanalijibu vibaya. Kuzuia barafu ni kazi yake moja tu. Nyingine ni kuzuia kutu, na nyingine ni kuchelewesha maji kuchemka. Huku hatuna barafu lakini kutu tunayo ya kutosha kuuza nje. Mimi miaka minne nilikuwa nalisha injini ya chuma na aluminiamu maji ya mto, alafu nashangaa.

Cha tatu ndicho kinachoniuma mpaka leo kwa sababu kilikuwa kitu cha shilingi 25,000. Kifuniko cha rejeta. Kwa macho kizima, kimeandikwa 0.9, kipimo cha presha yake, kinang'aa. Afande akakigeuza, akapitisha ukucha kwenye raba ya chini, raba ikachanika kama ganda la ndizi iliyoiva. Alafu akabonyeza springi kwa kidole kimoja, ikaingia bila ubishi.

Ngoja nieleze hiki kwa sababu hata mimi nilidhani kifuniko ni kifuniko. Kazi yake sio kuzuia maji yasimwagike. Kazi yake ni kubana presha, na maji yaliyobanwa hayachemki kwenye digrii 100, yanapita 115 ndio yaanze. Sasa sisi hatuko pwani. Kasese iko juu kama mita 1,000, hapo maji ya wazi yanachemka kwenye digrii 97 hivi, ukienda Kabale karibu mita 2,000 ni kama 93. Mama anayepika maharage Kabale anajua yanavyochukua muda. Kwa hiyo gari yenye kifuniko kilichokufa, inayopanda milima ya Uganda, ina maji yanayochemka mapema kuliko gari ile ile iliyoko Mombasa, na yakichemka ndani ya hedi yanageuka mvuke, na mvuke haubebi joto kama maji, pale kwenye daraja kati ya vali aluminiamu inabaki inaungua peke yake. Ufa wangu ulikuwa hapo hapo.

Fani ya kupuliza rejeta ilikuwa ya nne, ile yenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa ya moto na imezimwa ukiisukuma kwa mkono inatakiwa ikatae kidogo, yangu ilizunguka kama kichezeo cha mtoto. Ikaongezwa mafuta yake, basi.

Na Afande alitaka kuongeza mshitakiwa wa tano, nozo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Mlimani gari ilikuwa inatoa moshi mweusi na nozo zilipopimwa mbili zilikuwa zinadondosha badala ya kupuliza. Yeye anaamini nozo ndiyo iliyotoboa silinda ya tatu. Mimi sikubaliani naye sana, moja ya zilizokuwa zinadondosha ilikuwa ya silinda ya kwanza na pale hedi ilikuwa nzima, naona kifuniko na rejeta vinatosha kabisa kueleza yote. Lakini nilizibadilisha zote nne, kwa sababu kubishana na Afande ni bei ghali zaidi.

Pesa ilikwenda hivi: hedi mpya tupu milioni 2 na laki 4, seti ya gasketi 350,000 kutoka Kisekka, soko la spea la Kampala, mkanda wa taiming 180,000 maana kama umeshafungua huko mbele ni ujinga kurudisha wa zamani, rejeta 450,000, nozo 400,000, thamostati 60,000, kulanti 120,000, fani 40,000, kifuniko 25,000, na Afande nusu milioni. Milioni nne na nusu na chenji. Sasa toa hedi, gasketi na sehemu kubwa ya ufundi, uone kilichobaki kingekuwa kiasi gani kama ningeuliza swali la maji miezi mitatu kabla.

Kufunga kwenyewe kulichukua siku mbili na kuna mambo mawili nataka uyaone. Gasketi ya hedi ya 1KZ sio moja, zina unene tofauti na alama zake, unapima pistoni inavyochomoza juu ya bloku ndio unachagua. Afande alipima zote nne kwa saa ndogo yenye mshale, akaandika kwa chaki kwenye kontena. Na boliti za hedi alikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio, kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu. Nimeona mafundi wanaokaza hedi kwa bomba refu na nguvu za posho. Hao nawaogopa kuliko Kichwamba.

La pili ni hewa. Hii injini inaficha hewa ndani ya njia za maji, ukijaza tu ukafunga umejidanganya. Gari ilipandishwa pua kwenye kilima cha nyuma ya mwembe, kifuniko wazi, hita ya ndani imewashwa mpaka mwisho na fani yake mpaka mwisho, na mimi niliambiwa nikae ndani nishike risi, yaani nikanyage mafuta kidogo bila kuachia. Saa saba mchana. Kasese. Hita inanipulizia. Nilitoka pale nimelowa kama nimevuka mto, na taniboi anacheka, na Afande anahesabu mapovu mpaka yakaisha.

Baada ya hapo alinifungia geji ndogo ya pembeni yenye namba, kwa sababu ile ya Toyota kwenye dashibodi ina tabia ya kukaa katikati hata joto likiwa linabadilika, ikianza kusogea umeshachelewa. Sasa Kichwamba naona 88, 91, 95, na najua trela likinichelewesha nisubiri au nishike gia ya chini nipunguze mguu.

Mengine ni ya kawaida na sitayapamba. Oili kila kilomita 5,000, lita 7 na filta yake, zamani nilikuwa nafika 10,000 kwa sababu "bado nzuri", nikiiangalia rangi, na oili ya dizeli inakuwa nyeusi wiki ya kwanza kwa hiyo rangi haikwambii kitu. Filta ya dizeli kila 10,000, na kila Jumapili taniboi analegeza kile kiskrubu cha chini ya filta anamwaga maji kidogo mpaka dizeli safi itoke. Pampu ya hii injini inajilainisha kwa dizeli yenyewe, ukiipa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa unaikausha. Serikali inatia alama kwenye mafuta ili kukamata wanaochanganya, sawa, lakini dizeli ya jerikeni ya barabarani hiyo alama haiihusu, mimi siigusi hata ikiwa rahisi kwa elfu moja. Rejeta haifunguliwi ikiwa moto, na maji ya mto mwiko.

Na kuna kitu kimoja ambacho sikukipanga. Taniboi, tangu siku ile aliyoulizwa "siku hizi ni lini" akakosa jibu, amekuwa anaandika kwa maka peni nyeupe upande wa ndani wa boneti. Tarehe, kilomita, chupa. Sikumwambia. Ana mwandiko mbaya lakini hakosi asubuhi.

Mwaka jana mwishoni, natoka Ishaka kwenda Mbarara, dashibodi ikageuka 300,000 na papo hapo taa ya T-BELT ikawaka. Kwa asiyeijua, ni taa ya mkanda wa taiming, inawaka kila kilomita 100,000, na kwenye hii injini mkanda ukikatika vali na pistoni zinakutana, huo ndio mwisho. Nikasimama Mbarara kuzungusha matairi, na nani anatoka ndani, yule yule fundi wa milioni saba. Hakunikumbuka. Akaona taa.

"Ssebo, mkanda umekwisha, huwezi kurudi nao Kasese."

Nikamwambia hiyo taa haioni mkanda, inahesabu kilomita tu. Nikafungua boneti. Pale juu imeandikwa kwa herufi kubwa, MKANDA MPYA 287,600.

Akasoma. Alafu macho yakashuka kwenye ile mistari mingi ya chini, tarehe, kilomita, 0, tarehe, kilomita, 0, 0, 0, mpaka kwenye ukingo.

"Na hizi sifuri ni nini?"

"Maji tuliyoongeza," taniboi akajibu.

Akaziangalia kidogo, akafunga boneti mwenyewe, akaenda kutafuta jeki.